Sura ya 4: Safu Inayojazwa kwa Mazoea

Chukua chati za wagonjwa wazima katika wodi yoyote yenye shughuli nyingi, usome safu moja tu, ile ya upumuaji. Si ajabu ukakutana na 18, 20, 20, 18, 20, kuanzia asubuhi hadi usiku, kwa kijana aliyevunjika mguu na kwa bibi mwenye nimonia sawia. Joto limeandikwa kwa nukta yake, 37.4 au 38.9. Presha inapanda na kushuka. Mapigo ya moyo ya mgonjwa huyu hayafanani na ya yule. Pumzi peke yake ndizo zinazolingana, kana kwamba wodi nzima inapumua kwa amri moja. Wala hili si tatizo la nchi maskini. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walichapisha uchambuzi wa rekodi za karibu wagonjwa 37,000 waliolazwa katika hospitali za Texas, wakakuta namba 18 na 20 zimetawala safu hiyo, hata kwa wagonjwa ambao moyo au mapafu yao yalikuwa na hitilafu ya wazi. Binadamu hawapumui hivyo. Namba zinazorundikana mahali pamoja kiasi hicho hazikuhesabiwa; ziliandikwa ili nafasi isibaki tupu.

Mwanafunzi wa uuguzi hufundishwa viashiria vya uhai kama mafungu ya kazi moja: joto, mapigo, upumuaji, presha, na siku hizi kiwango cha oksijeni. Vinapangwa kwa usawa kwenye karatasi, naye huondoka darasani akiamini kwamba vina uzito sawa na vinapatikana kwa njia zinazofanana. Ninachotaka kutetea hapa ni kwamba upumuaji haufai kuwekwa katika mstari huo. Ndicho kiashiria kinachobadilika mapema kuliko vingine katika magonjwa mengi yanayoua, ndicho kisichohitaji kifaa zaidi ya saa yenye mshale wa sekunde, na ndicho kinachopikwa zaidi ya vyote. Mambo hayo matatu yana uhusiano. Joto hutolewa na kipimajoto, presha na mashine; pumzi haitolewi na chochote kilichopo kwenye trei ya wodi ya kawaida. Lazima muuguzi asimame amtazame mgonjwa dakika nzima, na dakika hiyo ndiyo inayokatwa kwanza kazi zinapozidi. Anayetaka kujua kama mgonjwa ametathminiwa kweli au amejaziwa fomu tu, aanze na safu hiyo.

Kwa nini pumzi zitangulie? Jibu liko katika kazi ya mwili wenyewe. Kwenye shina la ubongo kuna vituo vinavyopima muda wote kiasi cha kaboni dioksaidi na tindikali, na kwenye mishipa mikubwa ya shingo kuna vipokezi vinavyofuatilia oksijeni. Kitu chochote kikiharibu mizani hiyo, amri ya kwanza ni kupumua zaidi. Kisukari kikipanda hadi damu ikajaa tindikali, figo zikishindwa kuitoa, maambukizi yakisambaa kwenye damu na seli zikaanza kukosa oksijeni, mapafu hupewa kazi ya kupunguza tindikali kwa kufukuza kaboni dioksaidi. Mapafu yenyewe yanaweza kuwa mazima kabisa. Ndiyo maana mgonjwa anayehema si lazima awe mgonjwa wa kifua, na muuguzi anayesikiliza kifua, akakikuta safi, kisha akatulia, ameacha swali katikati. Upande wa pili, presha huchelewa. Kijana mwenye afya anayevuja damu ndani ya tumbo anaweza kupoteza karibu asilimia 30 ya damu yake kabla presha ya juu haijashuka waziwazi, kwa sababu mishipa inajibana na moyo unaongeza kasi kuificha hasara. Wakati huo pumzi zimeshapanda. Anayesubiri presha ishuke ndipo aamini kuna hatari, anasubiri mwili umalize akiba yake yote ya kujitetea.

Ushahidi wa wodini unakubaliana na maelezo hayo. Mwaka 1990, utafiti wa Roland Schein na wenzake huko Miami uliwafuatilia wagonjwa 64 ambao mioyo yao ilisimama wakiwa wamelazwa. Kati yao, 54 walikuwa na dalili za kuzorota zilizoandikwa kwenye mafaili yao ndani ya saa nane kabla ya tukio, na sehemu kubwa ya dalili hizo ilihusu upumuaji au fahamu. Yaani kifo hakikuja kwa kushtukiza. Kilikuwa kimeandikwa kwenye faili na hakuna aliyekisoma. Miaka mitatu baadaye, watafiti wa Iowa walionyesha kwamba pumzi zaidi ya 27 kwa dakika zilitabiri moyo kusimama ndani ya siku tatu kwa wagonjwa wa wodi za magonjwa ya ndani. Ni lazima kusema pia kwamba kigezo hicho kiliwapata takribani nusu tu ya wale ambao mioyo yao ilisimama. Hesabu ya pumzi haiwezi kuwa mlinzi wa pekee, na anayeifundisha kama muujiza anaiharibia heshima.

Ushahidi ulio karibu nasi zaidi unatoka Kilifi. Kati ya Mei 1989 na Novemba 1991, Kevin Marsh na wenzake waliwachunguza watoto 1,844 waliolazwa kwa malaria katika hospitali ya wilaya ya Kilifi, pwani ya Kenya. Walitaka kujua ni dalili zipi, kati ya zile ambazo mtu anaweza kuziona kando ya kitanda, zinazomtenga mtoto atakayekufa na yule atakayepona. Wakati huo malaria kali ilieleweka hasa kama ugonjwa wa ubongo na wa kupungukiwa damu. Walichokikuta ni kwamba mambo mawili mepesi, kupungua kwa fahamu na kupumua kwa shida, yalitosha kuwabaini watoto 54 kati ya 64 waliofariki. (Namba hizo kufanana na zile za Miami ni sadfa tupu, ila ni sadfa inayosaidia kukumbuka.) Vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya siku zile, vilivyokuwa virefu zaidi na vyenye kuhitaji maabara, viliwabaini wachache kidogo kuliko hao. Na vifo vingi vilitokea ndani ya saa 24 za kwanza, kabla majibu mengi ya maabara hayajaweza kumfaa mtu.

Matokeo ya Kilifi yana jambo jingine ambalo vitabu vya mwaka wa kwanza hulipita haraka. Watoto wengi kati ya wale waliopumua kwa shida walikuwa wanavuta pumzi ndefu, za kina, si fupifupi za nimonia. Kazi zilizofuata hapohapo Kilifi zilionyesha kuwa pumzi hizo zilikuwa alama ya tindikali kwenye damu, ambayo mara nyingi ilitokana na upungufu wa damu au wa maji mwilini. Mtoto wa namna hiyo akihesabiwa tu bila kutazamwa, anaweza kupewa antibayotiki ya kifua ilhali anachohitaji haraka ni damu. Kwa hiyo ninaposema kuhesabu, nina maana ya kuhesabu pamoja na kutazama: kifua kinainuka kwa kina gani, kinabonyea chini ya mbavu au la, pua inatanuka au la, pande zote mbili zinakwenda pamoja au upande mmoja umezubaa, mtoto ananyonya au anaachia ziwa kila mara ili avute hewa. Mama wa mtoto mara nyingi ameshayaona haya kabla ya mtu yeyote, na akisema mwanawe “anapumua vibaya”, hiyo ni taarifa ya kitabibu, iandikwe.

Kwa watoto wadogo kuhesabu kuna historia ya heshima zaidi kuliko kwa watu wazima, na historia hiyo haikuanzia kwenye hospitali kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Frank Shann na wenzake huko Papua New Guinea walitafuta njia ya kutambua nimonia mahali pasipo na eksirei, wakaona kwamba kasi ya pumzi inamsaidia mhudumu kuliko ilivyodhaniwa. Kutokana na kazi za aina hiyo vikazaliwa viwango ambavyo leo kila mhudumu wa zahanati anapaswa kuvijua usingizini: pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kuanzia miezi miwili hadi kumi na moja, 40 au zaidi kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza mitano. Mtoto awe ametulia, asiwe analia wala kunyonya, na kwa kichanga hesabu iliyofika 60 irudiwe, kwa kuwa vichanga hupumua kwa mafungu, haraka kidogo kisha kimya kidogo. Ni jambo la kushangaza, na kwa maoni yangu la kutahayarisha, kwamba mhudumu wa zahanati ya kijijini anatakiwa ahesabu dakika nzima kwa mtoto mwenye kikohozi, huku muuguzi mwenye stashahada katika hospitali ya rufaa akiruhusiwa na mazoea kukadiria kwa jicho.

Hapa wengi hujitetea kwa njia ya mkato: hesabu sekunde 15, zidisha kwa nne. Hesabu ya darasa la tatu inatosha kuonyesha kasoro yake. Njia hiyo haiwezi kutoa jibu lolote isipokuwa 12, 16, 20, 24, 28 na kuendelea kwa nne nne, na pumzi moja iliyoponyoka inabadilisha jibu kwa nne. Sasa tazama mfumo wa alama za tahadhari wa NEWS2, uliotolewa na Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha London mwaka 2017 na ambao umenakiliwa au kurekebishwa katika nchi nyingi. Pumzi 12 hadi 20 hazina alama. 21 hadi 24 zina alama 2. 25 na kuendelea zina alama 3, na alama 3 katika kiashiria kimoja peke yake zinatosha kumwita mtu amwone mgonjwa haraka. Mgonjwa anayepumua mara 22, akihesabiwa kwa robo dakika, ataandikwa 20 au 24 kutegemea muuguzi alianzia wapi: ama hana tatizo, ama ana alama mbili. Anayepumua mara 25 anaweza kuandikwa 24, na simu isipigwe. Dakika nzima haiondoi makosa yote, lakini inayapunguza hadi pumzi moja au mbili. Na afanye hivyo bila kumtangazia mgonjwa, kwa kuwa mtu akijua anahesabiwa pumzi hubadilisha namna anavyopumua. Vidole vibaki kwenye kifundo cha mkono kana kwamba bado anahesabu mapigo, macho yawe kifuani.

Pingamizi la kwanza la maana ni la kifaa cha kidoleni. Kama oksimita inaonyesha oksijeni asilimia 97 kwa sekunde chache, kwa nini tuhangaike? Kifaa hiki, ambacho msingi wake ulibuniwa na Takuo Aoyagi huko Japani mwaka 1974, kimeokoa watu wengi na sitaki kukibeza. Lakini kinajibu swali jingine. Kinasema damu imebeba oksijeni kiasi gani. Hakisemi mgonjwa anatumia nguvu kiasi gani kuifikisha hapo. Mgonjwa wa kisukari mwenye tindikali, anayepumua kwa ile namna ya kina ambayo Adolf Kussmaul aliieleza mwaka 1874, anaweza kuwa na asilimia 99 huku akikaribia kuzirai. Aliyepewa mofini baada ya upasuaji na kuwekewa oksijeni ya barakoa anaweza kupumua mara 7 kwa dakika na kifaa kikaendelea kusoma vizuri, kwa sababu oksijeni ya ziada inaficha kwamba kaboni dioksaidi inarundikana. Familia iliyolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa inaweza kufikishwa mapokezi ikiwa na namba nzuri kidoleni, kwa kuwa oksimita ya kawaida haitofautishi damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba kaboni monoksaidi. Tena lipo suala la rangi ya ngozi, ambalo wauguzi wa Afrika wana sababu ya kulijua kuliko wengine: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni uliopitwa na kifaa hicho ulikuwa karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko kwa weupe. Mahali ambapo karibu kila mgonjwa ni mweusi, hilo si tanbihi ya kuweka chini ya ukurasa.

Pingamizi zito zaidi ni la idadi ya watu. Muuguzi mmoja wa zamu ya usiku mwenye wagonjwa 30 akimhesabu kila mmoja dakika nzima, nusu saa imekwenda kwa kiashiria kimoja, kabla hajagusa sindano, dripu wala mgonjwa anayeita. Utafiti uliofanywa katika wodi za watoto wachanga Nairobi umeonyesha jambo ambalo wauguzi walilijua bila kuambiwa, kwamba sehemu kubwa ya huduma inayohitajika haitolewi pale muuguzi mmoja anapobeba watoto wengi kupita kiasi. Kumwambia mtu wa hali hiyo ajitahidi zaidi ni kejeli. Sina jibu linaloondoa uhaba. Jibu hilo liko hazina na wizarani. Lakini uhaba ni sababu ya kuchagua, si ya kupika namba. Wagonjwa 30 hawana hatari sawa. Aliyelazwa leo, aliyetoka upasuaji, mwenye homa ambayo haijaeleweka, aliyepewa dawa inayopunguza upumuaji, mzee ambaye ndugu zake wanasema “leo hayuko sawa”, mtoto yeyote chini ya miaka mitano mwenye homa au kikohozi: hao wahesabiwe dakika nzima, hata kama wengine hawatafikiwa zamu hii. Na ambaye hakuhesabiwa, nafasi yake iachwe tupu. Najua ushauri huo utawaudhi wasimamizi wa wodi wanaokagua chati kwa kutazama kama zimejaa. Nafasi tupu inamwambia anayepokea zamu kwamba mgonjwa huyu hajaangaliwa, aanze naye. Namba 20 iliyopikwa inamwambia ameangaliwa na yuko salama, hivyo anampita. Kati ya vitu hivyo viwili, cha pili ndicho kinachoua, na ukaguzi unaoadhibu nafasi tupu unawafundisha wanafunzi kusema uongo kwa kalamu wakiwa bado mafunzoni.

Wengine watasema pumzi za haraka hazina maana maalumu: mtu huhema kwa hofu, kwa maumivu, kwa homa, kwa kupanda ngazi. Ni kweli, na ndiyo maana namba moja haitoshi. Inayosema zaidi ni namba ya pili. Aliyehema kwa sababu ya maumivu hutulia akipewa dawa ya maumivu. Aliyehema kwa maambukizi ya damu huendelea, na pengine huzidi. Kurudia baada ya nusu saa kunatenganisha mambo ambayo hesabu moja imeyachanganya. Kosa la kawaida ni kuandika “ana wasiwasi” pembeni ya namba 28 na kwenda zako, kana kwamba sababu ikishapatiwa jina hatari imekwisha. Anayekosa hewa naye ana wasiwasi.

Limebaki lile linalosemwa kwa uchovu zaidi kuliko kwa ubishi: hata nikihesabu, nani atakuja? Hili lina ushahidi wake. Jaribio kubwa la MERIT, lililofanyika katika hospitali 23 za Australia na kuchapishwa mwaka 2005, lilipima faida ya kuunda timu maalumu za kuitwa pale viashiria vinapoharibika, na halikuonyesha kwamba vifo au mioyo kusimama vilipungua kwa kiasi cha kuaminika. Lakini ndani ya matokeo hayo mlikuwa na habari nyingine: wagonjwa wengi waliotimiza vigezo vya kuitiwa timu hawakuitiwa, na wengine hawakuwa wamepimwa ipasavyo. Timu isiyoitwa haiwezi kuokoa mtu. Dar es Salaam nako, katika wodi ya wagonjwa mahututi, ilijaribiwa njia iliyokuwa nyepesi kuliko hiyo, yaani kiashiria kikivuka mpaka fulani, muuguzi ana hatua zilizoandikwa za kuchukua palepale. Vifo kwa ujumla havikupungua kwa namna ya kuthibitika. Kwa waliofika na presha ya chini sana vilipungua. Ni ushahidi wa wastani, na napendelea kuuita hivyo. Unachoonyesha ni kwamba namba inapata thamani pale ilipofungwa kwenye tendo, na kwamba matendo mengi ya mwanzo yako ndani ya uwezo wa muuguzi bila daktari: kumkalisha mgonjwa wima, kusafisha njia ya hewa, kufungua oksijeni, kupima sukari, kurudia hesabu, kusimamisha dawa inayodhuru.

Hilo la mwisho lina mfano ulio wazi kuliko yote, nao uko wodi ya wazazi. Sindano ya magnesiamu salfeti ndiyo tiba ya kifafa cha mimba, na jaribio la Magpie la mwaka 2002 lilithibitisha kuwa inapunguza kwa zaidi ya nusu uwezekano wa mama mwenye presha kali ya ujauzito kupata degedege. Dawa hiyohiyo ikizidi mwilini inalegeza misuli, mwisho ikiwemo ya kupumulia. Kwa hiyo, katika utaratibu wa sindano za msuli, kabla ya kila dozi ya saa nne muuguzi anatakiwa athibitishe mambo matatu: goti linaruka likigongwa, mkojo umefika angalau mililita 30 kwa saa katika saa nne zilizopita, na pumzi hazipungui 16 kwa dakika. Kwenye chati ya kawaida 14 inaonekana namba njema, hata NEWS2 haiipi alama. Kwa mama huyu, 14 maana yake dozi haitolewi, daktari anaitwa, na ampuli ya kalsiamu glukoneti inawekwa karibu. Mkunga aliyezoea kuandika 20 bila kutazama ataichoma dozi hiyo saa kumi alfajiri, kwa wakati uliopangwa, kwa kipimo kilicho sahihi.